Glavu ya Jikoni

Ilikuwa ya kahawia, sasa ni masizi matupu,
vidole vimejikunja kama vya mtu aliyesinzia kazini.
Ni ya mkono wa kushoto tu. Wa kulia haukuhitaji,
wa kulia ndio uliokuwa ukirusha.
Mimi naepulia sufuria ya kiburu,
na sijaungua tangu tuhamie Pasua.

Saa kumi na moja alfajiri Eliamani anaoga maji ya baridi.
Anatafuta soksi. Ananiuliza soksi ziko wapi,
kana kwamba nazivaa mimi.
Mlima umejifunika gubigubi, nao una haki, ni Julai.
Anafunga koleo kwenye baiskeli, anashuka
kujenga ghorofa ya mtu asiyemjua hata kwa sura.

Alicheza besiboli.
Nikisema hivyo sokoni Kiboriloni, mama Ndeshi
huacha kukung'uta mitumba yake:
Ndiyo ule wa kutupia kwenye pete?
Hapana. Ule wa rungu.
Kumbe! anasema, na hajaelewa kitu.

Mwalimu wa hisabati alitoka Japani na begi la mipira,
mipira myeupe, mshono mwekundu,
akamkuta mvulana anapopoa maparachichi,
jiwe moja, tunda moja, na linapigwa kikonyoni,
lenyewe halichubuki.
Basi. Hapo ndipo yalipoanzia.

Michezo kumi na tisa, nimemhesabia.
Miwili Dar, shati la kuazima,
viatu vya kaka yake vimejazwa gazeti.
Na ule mmoja, nyumbani, alioupiga mpira
ukavuka uzio wa shule, ukavuka barabara ya vumbi,
ukaingia kwenye mahindi ya watu.
Hadi leo haujaonekana.
Mwenye shamba alidai fidia ya mabua manne.
Nyumbani hatuna kombe; tuna hayo mabua manne.

Mama yake alikwenda kutazama mara moja,
na kitenge chake cha kanisani.
Aliporudi akamketisha:
Mwanangu, unapiga, unakimbia, jasho linakutiririka,
halafu unarudi palepale ulipoondokea
na watu wanashangilia?
Si ungekaa tu.

Mwalimu alimaliza miaka yake miwili, akaenda.
Mipira ikachakaa, mmoja ukatafunwa na mbwa.
Uwanjani ikajengwa maabara, nzuri kweli,
sina neno, binti yetu anasoma humo.
Bega likaanza kulia usiku kama bawaba kavu.

Siku hizi anarusha matofali.
Yeye chini, fundi Mrutu juu ya jukwaa la miti.
Tofali linapaa, linamfikia kifuani,
fundi hainami wala hajinyooshi.
Analipwa sawa na wanaopandisha kwa kamba.
Nimeuliza.

Jumanne aliwahi kurudi.
Alivua viatu bila kufungua kamba.
Nikammiminia maji ya kunawa, akatoa mkono mmoja.
Nikanyamaza, naye akanyamaza, tukala.
Habari ilikuja kwa miguu ya Mrutu mwenyewe,
saa mbili usiku, kofia mkononi:
Lilimponyoka huko juu. Chini, kijana wa zege
ameinama, kichwa wazi.
Na huyu mumeo, mama, hatua tatu, nne hivi,
akalidaka.
Kiganja kitupu.
Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alisema "Du!"
kisha wakarudi kwenye koleo, maana saruji haisubiri.

Alipoondoka nikakifungua kile kiganja kwenye mwanga.
Kimevimba, rangi ya zambarau iliyokanyagwa.
Nikasema, Na wewe glavu unayo!
Akatazama jiko.
Maharage ya kesho yanachemka, na ile ngozi
ningali nimeivaa, mvuke unafuka vidoleni.
"Ilikuwa kazini," akasema.

Nikaepua. Nikamwekea maji ya chumvi kwenye beseni,
akakaa nayo mpaka yakapoa.
Asubuhi akauliza tena soksi ziko wapi.